Kilo 23 za kwenda Hamburg: mizani kwanza, sanduku baadaye

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Moshi. Mwezi wa kwanza nitakwenda Hamburg, Ujerumani, kukaa wiki tatu kwa binti yangu aliyejifungua. Tiketi inaniruhusu sanduku moja la kilo 23 na begi la mkononi la kilo 7. Nataka kubeba unga wa mahindi na wa ulezi kilo tano, kahawa kilo mbili, dagaa kilo mbili, asali lita mbili, ndizi za mtori kiasi cha kilo sita na vitenge sita vya zawadi. Sanduku langu ni kubwa, la plastiki ngumu, na hivi vyote vinaingia na nafasi inabaki, ila shemeji yangu ananiambia nimeshazidisha na nguo sijaweka hata moja. Je, ninunue ile mifuko ya kufyonza hewa ili nguo zienee? Na kwa jumla nipange vipi?"

Jibu: Shikamoo, Mwalimu, na hongera kwa kupata mjukuu.

Nianze na mifuko ya kufyonza hewa, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wasafiri wengi wanaopita ofisini kwetu hapa Arusha. Usiinunue. Mifuko ile hupunguza nafasi ambayo nguo zinachukua, lakini haipunguzi uzito wake hata gramu moja, na wewe tatizo lako si nafasi. Umesema mwenyewe kwamba vitu vinaingia na sanduku bado lina uwazi. Huo uwazi ndio mtego, maana macho yanaona kuna nafasi na mkono unaendelea kujaza. Kwa safari kama yako kilo huisha kabla ya nafasi, na kwa hiyo kazi ya kupanga haianzii kwenye sanduku bali kwenye mizani.

Tupige hesabu ya orodha yako kama ilivyo. Sanduku kubwa la plastiki ngumu likiwa tupu huwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi. Unga ni kilo tano, kahawa mbili, dagaa mbili, ndizi sita. Asali wengi huihesabu kama maji, kwamba lita mbili ni kilo mbili, kumbe lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo lita zako mbili ni kilo 2.8. Kitenge cha pamba cha yadi sita hukaribia robo tatu ya kilo, hivyo sita vitakula kilo 4.5. Jumla ni kilo 26.8, na shemeji yako yuko sahihi: umezidi kwa karibu kilo nne kabla ya kuweka soksi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupata mizani ya kuaminika. Mizani ndogo ya kuning'iniza yenye ndoana inatosha, na ukiwa huna, panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umebeba sanduku, kisha jipime mwenyewe bila sanduku na utoe. Wapo wanaokwenda kupimia kwenye chama cha msingi cha kahawa kijijini, na mizani ile kwa kweli ni nzuri kuliko nyingi za mjini. Pima kila kitu peke yake, uandike kwenye daftari, jambo ambalo sidhani mwalimu anahitaji kufundishwa. Usilenge kilo 23 kamili. Lenga 22, kwa sababu mizani ya nyumbani na ya uwanjani hazikubaliani kila mara, na ya uwanjani ndiyo inayosikilizwa.

Hatua ya pili ni sanduku lenyewe. Ukiweza kuazima la kitambaa lenye magurudumu mawili, ambalo mengi ya ukubwa huo huwa na kilo tatu hivi, umeokoa kilo moja na nusu bila kuacha kitu chochote nyumbani. Angalia tu kwamba urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha mashirika mengi ya ndege.

Sasa vyakula, ambapo kuna mambo mawili ya kuchuja: kile ambacho sheria inakataza, na kile ambacho hakistahili kilo zake. Ujerumani hufuata sheria za Umoja wa Ulaya, na abiria anayetoka nchi kama yetu haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa, iwe nyama ya kukausha, soseji, maziwa mgando, siagi au samli, hata kama ni kidogo. Sababu ni magonjwa ya mifugo, kama vile ugonjwa wa miguu na midomo na homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo huweza kusafiri ndani ya kipande kidogo cha nyama. Nakutajia hili ingawa hukuliweka kwenye orodha, kwa sababu najua ndugu wa Marangu au Machame hawatakuacha uondoke mikono mitupu kwenda kumwona mzazi, na yuko atakayekuletea samli au nyama siku ya mwisho jioni. Mshukuru, uile nyumbani. Mbege nayo iache: ni kinywaji kinachoendelea kuchacha ndani ya chombo, na chombo kilichofungwa kikichacha hupasuka.

Dagaa hawana shida, kwa kuwa samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa msafiri kwa matumizi yake mwenyewe, na asali inaruhusiwa hadi kilo mbili. Hapo ndipo utaona kwamba lita zako mbili, zenye kilo 2.8, zimezidi sheria pia wala si sanduku tu. Chukua lita moja. Unga na kahawa iliyokaangwa vinapita. Matunda na mboga mbichi karibu zote huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao makuu hapa Arusha, na kwa hiyo parachichi na maembe uyaache, isipokuwa uko tayari kukifuatilia cheti hicho. Lakini yapo matunda matano yaliyosamehewa: nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi. Mwalimu, ndizi zako za mtori zinaingia Ujerumani kihalali.

Hata hivyo kilo sita za ndizi ni nyingi, na ndizi zina tabia zake. Chukua kilo tatu za mshare, zile ndizi za kupika, mbichi kabisa, zilizokatwa karibu na siku ya safari, uzitenganishe moja moja, uzifute zikauke, kisha uzifunge kwenye gazeti. Usizitie kwenye nailoni iliyobana, kwa sababu ndizi hutoa gesi inayoziivisha, na gesi hiyo ikikosa pa kutokea utafika na ndizi za kumenya na kula badala ya za kupika. Baridi nayo huziharibu: chini ya nyuzi joto 13 hivi ganda huanza kuwa jeusi na utomvu wake hubadilika, kwa hiyo ukifika usikubali sanduku lilale kwenye buti ya gari usiku kucha eti mmechoka, ndizi zitolewe zipelekwe jikoni.

Kuhusu unga nina ushauri ambao huenda usikupendeze. Acha unga wa mahindi. Miji mikubwa ya Ujerumani ina maduka ya vyakula vya Kiafrika, na binti yako bila shaka ameshajua sembe anaipata wapi. Beba ulezi kilo mbili kwa ajili ya uji wa mzazi, na ununue ule uliofungwa kiwandani wenye lebo, hata kama wa kusaga mwenyewe ni mtamu zaidi. Afisa wa usalama au wa forodha anayefungua sanduku na kukuta unga usio na jina ndani ya mfuko uliofungwa kwa fundo atakuwa na maswali, na maswali hayo utayajibu kwa lugha ambayo pengine si yako, baada ya usiku mzima safarini. Kahawa ichukue kilo moja, katika pakiti mbili za nusu kilo, ikiwa imefungwa na mkaangaji. Dagaa kilo moja inatosha.

Hesabu mpya inakuja hivi: ulezi kilo mbili, kahawa moja, dagaa moja, asali 1.4, ndizi tatu, na vitenge vinne badala ya sita, yaani kilo tatu. Jumla ni 11.4. Ongeza sanduku la kitambaa la kilo tatu, unapata 14.4. Ukilenga kilo 22, umebakiwa na 7.6 za nguo na vitu vyako binafsi, na zinatosha kwa wiki tatu endapo utakubali jambo moja, kwamba nyumbani kwa binti yako nguo zitafuliwa. Nguo za kubadilisha wiki moja zinatosha kwa wiki tatu, na pengine kwa miezi mitatu.

Hamburg mwezi wa Januari joto la mchana huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na usiku mara nyingi hushuka chini ya sifuri. Ukisikia hivyo utashawishika kubeba mavazi mazito mengi. Lakini ndani ya nyumba, kwenye treni na madukani kunapashwa joto, kwa hiyo mwenye sweta moja nene kama blanketi atatetemeka nje na kutoka jasho ndani. Kinachofaa ni nguo nyepesi zinazovaliwa juu ya nyingine: fulana na suruali ya ndani inayobana mwili, blauzi, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Nguo hizi hupatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi, ambako wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro wanafuata makoti na masweta yao. Nenda asubuhi, na unapochagua sweta tafuta lebo ya sufu, maana sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu, jambo ambalo pamba haiwezi.

Vilivyo vizito zaidi usivitie sandukuni, vivae. Koti na buti peke yake vinaweza kufika kilo tatu, na ni kawaida mashirika ya ndege kutoyapima mavazi yaliyo mwilini. Ni kweli kwamba kwenye uwanja wa ndege wa KIA mchana wa Januari ni joto na utaonekana wa ajabu ukiwa na buti za baridi. Koti lishike mkononi, mifukoni mwake uweke glavu, kofia na skafu. Hivyo sandukuni kutaingia sweta mbili, sketi au suruali nzito tatu, blauzi tano, seti mbili za nguo za ndani za baridi, magauni mawili, chupi na soksi, pea moja ya viatu vya ndani, na mfuko mdogo wa vitu vya kuogea. Kwa makadirio yangu hizo ni kilo saba na nusu. Taulo usibebe, wala shuka, wala sabuni ya kufulia, huendi porini.

Tukishamaliza uzito ndipo tupange, na kupanga kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Mpelekee fundi cherehani mabaki ya kitenge akushonee mifuko minne ya mstatili, sentimita 35 kwa 25, yenye kamba ya kuvuta mdomoni. Mmoja uwe wa nguo za ndani, mmoja wa blauzi, mmoja wa soksi na vidogo vidogo, na wa nne ubaki mtupu kwa nguo chafu. Faida yake utaiona siku sanduku likifunguliwa mbele ya watu kwenye ukaguzi, kwani afisa atainua mifuko na kuirudisha, badala ya kuchambua chupi zako moja moja.

Lilaze sanduku chini, ujue upande wa magurudumu ndio utakaokuwa chini litakaposimama. Vizito vyote vikae huko: ulezi, kahawa, viatu. Ukiviweka upande wa mpini, sanduku litakuwa linaanguka kila ukiliachia, na litakuchosha kulivuta. Viatu vijazwe soksi ndani na kufungwa kwenye mfuko wake. Blauzi na nguo za ndani ziviringishe kwa kubana, ziingie kwenye mifuko ya fundi. Sweta zikunjwe bapa, kwa sababu sweta iliyoviringishwa hutanuka tena na kuchukua nafasi kubwa. Magauni ya kitenge, ambayo hushika mikunjo, yatandaze juu ya vyote na kuyakunja mara moja tu kuzunguka mzigo. Vitenge vya zawadi viache katika mikunjo ya dukani, uvisimamishe pembeni kama ukuta kati ya vyakula na nguo. Ndizi zikae juu kabisa, katikati, mbali na kuta za sanduku zinazogongwa.

Asali na dagaa ndivyo vinavyohitaji umakini. Sehemu ya mizigo ya ndege ya abiria huwa na shinikizo la hewa sawa na la chumba cha abiria, ambalo hushuka hadi kiwango cha mtu aliyesimama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kama anayepanda Mlima Kilimanjaro, aliyepita geti la Marangu na yuko njiani kuelekea kambi ya Mandara. Hewa iliyofungiwa chini ya kifuniko huku Moshi hutanuka kule juu na kusukuma asali nje. Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, usiijaze hadi mdomoni, na iminye kidogo kabla ya kufunga ili hewa itoke. Weka kipande cha nailoni juu ya mdomo ndipo ufunge kifuniko, kisha uitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wake, ukizunguka na kitambaa kikuukuu. Ikimwagika, heri iharibu kitambaa. Dagaa wakaushwe tena juani kabla ya kufungwa, waingie kwenye kopo linalobana, na kopo hilo likae kona ya mbali na kahawa. Kahawa huvuta harufu upesi, na wakwe wa binti yako wakikaribishwa kahawa ya Kilimanjaro yenye harufu ya dagaa itabidi utoe maelezo marefu.

Begi la mkononi la kilo saba lina kazi moja, kukutunza iwapo sanduku litachelewa kufika. Humo kuna pasipoti, viza, barua ya mwaliko na bima ya matibabu ya safari, ile ya angalau euro 30,000 uliyoombwa wakati wa viza. Afisa wa mpakani anaweza kutaka kuviona vyote, na kipindi hicho sanduku lako litakuwa bado liko kwenye mzigo wa ndege. Dawa zako, kama za presha, ziwe za siku zote 21 na za ziada kidogo, ndani ya pakiti zake za asili, pamoja na karatasi ya daktari. Weka nguo za kubadilisha mara moja, miwani, chaja, na pawabenki ukiwa nayo, kwani betri za aina hiyo haziruhusiwi kwenye sanduku linalokwenda chini. Ya mAh 20,000 ina takriban saa-wati 74, na kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali cha shirika la ndege ni 100. Vimiminika vyote humo visizidi mililita 100 kwa kila chombo, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja. Siagi ya karanga pia huhesabiwa kuwa kimiminika, na wengi hunyang'anywa kopo zima wakibishana kwamba karanga si maji.

Ndani ya sanduku, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina lako, anwani ya binti yako na namba yake ya simu, maana lebo ya nje hukatika. Kwenye mpini funga kipande cha kitenge cha rangi kali. Piga picha ya sanduku likiwa wazi na likiwa limefungwa. Likipotea, utaulizwa rangi, ukubwa na kilichomo, na picha hujibu kwa lugha zote.

Siku ya safari, atakayekupeleka KIA asiondoke mara tu ukiingia ndani. Mwombe asubiri nje hadi utakapompigia simu kwamba sanduku limepokelewa. Likizidi kwa kilo moja au mbili, utatoa kitenge kimoja na pakiti ya kahawa, atavirudisha nyumbani, na hutalazimika kulipia uzito wa ziada kwa bei ambayo mara nyingi inapita thamani ya vitu vyenyewe. Kwa sababu hiyo vitu utakavyokuwa tayari kuviacha viweke juu, karibu na zipu, ili usimwage sanduku zima sakafuni mbele ya foleni.

Kwa kurudi, vyakula na zawadi vitakuwa vimeacha kilo 11.4 wazi. Koti na buti umwachie binti yako kwa safari ijayo, urudi umevaa sweta na viatu vya ndani, kwa sababu Moshi mwezi wa pili hutavihitaji. Kabla hujaanza kununua, mwombe akupimie sanduku likiwa na nguo zako tu. Nchi ile nyumba nyingi zina mizani bafuni.